Nyumba ya Chantal kwenye kitambaa cha Joviale

Mtu akitaka kumwudhi Chantal hakuwa na haja ya kumtukana. Ilitosha kusifu kazi ya mkono wa mwingine mbele yake. Angetabasamu, angesema, "Ndiyo, iko muzuri," kisha kwa siku mbili tatu nyumbani kwake sufuria zingegongana, watoto wangetembea kwa vidole, na mumewe Edouard, mwalimu wa shule ya msingi, angebeba madaftari ya wanafunzi akayasahihishie nje hata kukiwa na baridi. Edouard alikuwa amejifunza kutouliza. Alijua tu kwamba huko mjini kuna mtu amesifiwa.

Wivu huo haukuwa wa mtu asiye na kitu. Chantal alizaliwa Mudaka, kwenye mashamba ya maharagwe na migomba, na masista ndio waliomtia sindano mkononi akiwa na miaka kumi na miwili. Kufika ishirini, alikuwa akitarizi vitambaa vya altare ambavyo mapadri waliviagiza kutoka Kabare hadi Walungu. Mayungiyungi yake meupe yalikuwa na kivuli ndani ya kila petali, na ukigeuza kitambaa nyuma, hukuona fundo wala uzi unaoning'inia. Alikuwa amezoea kuwa wa kwanza, na mtu aliyezoea hivyo huhesabu kila anayepita karibu yake.

Ndoa ilimleta Bukavu, mtaa wa Cimpunda, ambako nyumba zimepanda kilima kama watu wanaosukumana kwenye foleni, bati la huyu likigusa kizingiti cha yule. Yeye na Edouard walikuwa na parsele yao, kiwanja kidogo juu ya korongo. Ng'ambo, mlango ukitazamana na mlango, aliishi Joviale, muuza sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, mwanamke mrefu mwenye kucheka polepole. Joviale hakujua kutarizi. Mwaka ule alipokuwa na mimba ngumu na daktari akamwambia akae kitako miezi minne, Chantal alikuwa akivuka korongo kila alasiri kumfundisha sindano, ili tu siku zimpite. Alimfundisha kama mtu anavyompa jirani chumvi, bila kufikiri kwamba iko siku atajuta.

Kisha ikaja ile Alhamisi ya Desemba. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne. Chantal alikuwa ameenda Mudaka kwenye mazishi ya shangazi yake, Edouard na watoto wako shuleni. Aliporudi jioni alikuta watu wamejaa kwenye njia, nao walipomwona wakampisha, na hapo akajua. Pale nyumba ilipokuwa palikuwa na udongo mwekundu unaong'aa. Mashini ya kushona, sanduku la vitambaa, mbuzi, vitanda, vyote vilikuwa chini ya korongo. Hakuna aliyekufa. Kila mtu alimwambia, "Umushukuru Mungu, Mama Akonkwa," kwa jina la mwanawe wa kwanza, naye alimshukuru, na kwa kuwa amemshukuru hakupata nafasi ya kuililia nyumba. Walihamia Panzi, nyumba ya kupanga, na mambo yakaendelea.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Chantal hakumwambia mtu. Miezi minne kabla ya mvua zile, yeye ndiye aliyetaka chumba cha kazi nyuma ya nyumba. Nyuma palikuwa na mteremko wenye mikaratusi mitatu na matete. Edouard alimwambia, "Tuache tu kile kilima." Hakumsikiliza. Alichukua jembe mwenyewe, binti wa wakulima, akachimba majuma matatu mpaka mteremko ukasimama wima kama ukuta, na mikaratusi akaikata kupata miti ya kujengea. Alijivunia ukuta ule. Baadaye watu walisema ni mvua, na kweli ilikuwa mvua, na Cimpunda nzima imechimbwa hivyo hivyo. Lakini Chantal alijua udongo tangu utotoni. Edouard hakumlaumu hata siku moja, na hilo lilimchoma kuliko lawama.

Miaka mitano ikapita. Mwaka wa 2023, Madame Valérie, aliyefundisha kuchora katika chuo kimoja pale mjini, alimtafuta Chantal mpaka Panzi. Alikuwa anakusanya wanawake kumi na wawili watarizi kitambaa kimoja cha amerikani, mita nane kwa urefu, juu ya watu wa Bukavu na kilima chao. Kila mmoja angeanza kipande chake. Baada ya majuma mawili wote wangesogea kiti kimoja, na kila mmoja angeendeleza kazi ya aliyemtangulia. Hakuna ambaye angeandika jina.

"Kila mutu ajibu kitu kimoja tu," Valérie alieleza. "Hii udongo ilikufanyia nini, ao weye uliifanyia nini. Hamuna kuogopa."

Chantal alikubali, maana alikuwa ameambiwa kwamba bila yeye kazi haiwezekani. Valérie alipomwomba apendekeze mkono mwingine, alimtaja Joviale. Alijiambia ni kwa wema, kwa ujirani wa zamani. Ukweli ni kwamba alijua Joviale angekaa karibu naye na mishono yake ya kujifunzia, na kila mtu angeona tofauti.

Walikutana katika sale, ukumbi wa parokia, asubuhi tatu kwa juma. Kitambaa kilikaa juu ya meza ndefu zilizounganishwa. Upande wa kulia wa Chantal alikaa Eulalie, mama wa makamo aliyeuza makala, mkaa unaoshuka kutoka njia ya Bunyakiri. Eulalie alishika sindano kama mtu anayeshona gunia. Alitumia uzi mweusi tu, mishono mikubwa mikubwa, na alipoulizwa anatengeneza nini alisema, "Pori. Ile nilichoma." Chantal alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimpa raha. Upande wa kushoto alikaa Joviale, ameinama, hasemi.

Chantal alitarizi mayungiyungi. Hakuyafikiria hata kidogo. Vidole vilikwenda vyenyewe. Udongo unatoa maua, Chantal alimwambia Valérie alipopita, naye Valérie akaitikia kwa kichwa, akakaa kidogo, akaenda kusimama nyuma ya Joviale. Alisimama pale muda mrefu. Chantal alihesabu. Kwake Valérie alikuwa amesimama kiasi cha kuvuta uzi mara tatu. Kwa Joviale alisimama mpaka Chantal akamaliza petali nzima.

Majuma mawili yalipokwisha Valérie alikitundika kitambaa kwenye kamba wakione wote. Wakatembea taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwenye kipande cha Joviale wakasimama.

Kilikuwa kilima cha uzi wa kahawia na mwekundu, na nyumba inakwenda. Haikuwa inaanguka. Inakwenda, imeinama mbele kidogo, bati lake bado limelala sawa, kama mtu anayeshuka ngazi amebeba sinia. Kuta zilikuwa zimeachana, lakini mlango ulikuwa umebaki umesimama peke yake, na dirishani pazia likipepea nje, na juu ya bati kuku wawili wamekaa kana kwamba hakuna kitu.

Chantal alilitambua pazia kabla hajaitambua nyumba. Alilishona yeye mwenyewe.

Miaka mitano alikuwa ameiwaza nyumba ile ikianguka ghafla, kama kikapu kinachokanyagwa. Hakujua kwamba ilikwenda polepole. Hakujua habari ya kuku. Hakuwa amemwuliza mtu yeyote, na sasa jibu lilikuwa linaning'inia kwenye kamba mbele ya wanawake wenzake, nao walikuwa wanalia. Mmoja alijifuta kwa kitenge. Eulalie aliuliza kwa sauti ndogo, "Mama Joviale, ilikuwa nyumba ya nani?"

Joviale alitazama chini. "Ya jirani."

"Hii njo kitambaa yenyewe," Valérie alisema. "Vraiment, kweli kabisa, hapa njo roho yake iko."

"Iko muzuri," alisema Chantal. "Lakini mulango ilikuwa ya kijani."

Wote wakageuka.

"Umetia ya bleu," Chantal aliendelea. "Ilikuwa ya kijani. Miye njo nilichagua ile rangi."

Basi wakajua. Mmoja wao alimshika bega, mwingine akasema pole. Lakini hata wakiwa wamemshika bega, macho yao yalirudi kwenye kitambaa, kwenye nyumba ya Joviale, na nyumba ile ilikuwa imeshikamana na macho yao kuliko yeye mwenyewe aliyeishi ndani yake miaka kumi na moja. Alienda kwa miguu mpaka Panzi bila kuhisi njia. Kilima kilichukua nyumba. Sasa Joviale amechukua hata kule kuchukuliwa kwake.

Siku nne nyumbani kwake hakukuwa na amani. Alikumbuka mimba ile ngumu, alasiri zile, vidole vya Joviale vinavyotoka damu kwa kutojua sindano. Kama angebaki nyumbani kwake siku zile, nani leo angelia mbele ya kitambaa? Edouard alimwuliza mara moja tu, "Ni nani?" Chantal akajibu, "Joviale," na Edouard akachukua madaftari yake akatoka.

Jumatatu wakasogea viti. Kipande cha Joviale kikamwangukia Chantal, maana ndiye aliyefuata.

"Munaendelesha," Valérie alikumbusha. "Hamufute. Munaendelesha ya mwenzenu."

Asubuhi nzima Chantal alikaa mbele ya kile kilima bila kutia hata mshono mmoja. Saa sita wenzake walitoka kwenda kula nyuma ya sale. Alisema hana njaa. Alipobaki peke yake alichukua mkasi mdogo, akaingiza ncha yake chini ya uzi wa bluu. Alitaka mlango tu. Mlango ulikuwa na kosa, na kosa hurekebishwa. Uzi ulitoka kwa urahisi. Kisha mkono haukusimama. Alifumua pazia, maana lilikuwa lake. Alifumua ukuta uliokuwa umeshika pazia, akafumua bati, akafumua kuku mmoja, akafumua na wa pili. Haikumchukua muda mrefu. Palibaki kilima, na katikati ya kilima matundu madogo madogo ya sindano, mamia yake, kwenye amerikani iliyokuwa imepauka kidogo pale uzi ulipokaa.

Mapajani mwake kulikuwa na kirundo cha nyuzi. Alikigeuza kitambaa aone nyuma. Kingo za kilima, ambazo hakuzigusa, zilikuwa safi. Hakuna fundo. Ni yeye aliyemfundisha hivyo. Alifikiri atafurahi, na hakufurahi.

Mlango wa sale ulifunguka, akaingia Joviale na sahani ya majani ya muhogo iliyofunikwa.

"Nimekuletea sombe," alisema. "Uko unakataa chakula kila siku, utapata kizunguzungu."

Akafika mezani. Akatazama. Alikaa kwenye kiti cha Eulalie, sahani juu ya magoti.

"Umebomoa," alisema.

"Ilikuwa yangu."

"Ilikuwa yako. Sikukatala." Joviale aliiweka sahani mezani, mbali na kitambaa. "Lakini miye njo niliiona, Mama Akonkwa. Sikuomba kuiona. Nilikuwa naanika manguo. Nikasikia kama lori inamwaga majiwe, nikainua macho, nyumba yako iko natembea. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika, juu nilifikiri uko mu nyumba. Nilikuwa sijue kama ulienda Mudaka. Nikashuka mu korongo, nikapanda ule upande ingine, nikachimba na mikono pale mulango ilikuwa. Nilichimba mpaka wanaume wakakuya kunitoa. Hakuna mutu alikuambia?"

Hakuna aliyemwambia. Au labda walitaka kumwambia, na yeye alikuwa haachi mtu amalize.

"Juu ya nini weye haukuniambia?"

"Ningekuambia wapi? Tangu ile siku, ukinikuta mu soko unapita mbio kama tuna deni." Joviale alichukua uzi mmoja wa bluu kutoka mapajani mwa Chantal, akauzungusha kwenye kidole. "Na kuna ingine niliona, sikuitia mu kitambaa. Nilikuona na jembe, ile miezi ya jua. Kila asubuhi. Nilikuwa nasema mu roho, huyu mwanamuke ana nguvu. Nilikuwa nakuonea hata wivu, juu miye nilikuwa nataka chumba pia na sikuwa na nguvu ya kuchimba. Sikuitia. Hii kitambaa itatembea, batu watauliza. Sikutaka waseme ni weye."

Chantal alihisi uso unapata moto. Joviale alikuwa amejua muda wote. Alikuwa ameona kosa lake lote kutoka ng'ambo, akalihifadhi, akalifunika kwa uzi. Sasa hata huruma ilikuwa ya Joviale. Hata kunyamaza kwa heshima kulikuwa kwa Joviale. Yeye alikuwa na mkasi tu.

Wengine wakaanza kurudi, wakicheka kwa jambo la nje, wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Eulalie alijipiga kifuani. Valérie alikuja akainama juu ya meza, akapitisha kiganja juu ya matundu.

"Nani alifanya hii?"

Joviale alifungua mdomo. Chantal alimwona anafungua mdomo, na akajua kabisa kinachotaka kutoka: atasema ni yeye mwenyewe, kwamba hakuipenda kazi yake, kwamba alitaka kuanza upya. Atambeba tena. Hapana. Chantal hakuwa tayari Joviale apate na hili.

"Ni miye," alisema. "Nimefumua miye, na mukasi yangu."

Maneno yalikuwa makali. Baadhi ya wanawake walisema aondoke leo leo, kwamba mtu mwenye roho hiyo atafumua na za wengine. Chantal hakujitetea. Alianza kukusanya vitu vyake, sindano moja moja, kwenye kikopo. Ni Eulalie aliyesema, bila kumtazama mtu, "Tumeambiwa tuseme tulifanya nini. Huyu amesema. Mumuache." Valérie alikuwa bado amekasirika. Alimwuliza Chantal swali moja.

"Unaweza kuirudisha?"

Angeweza. Vidole vyake vingeirudisha kabla ya Ijumaa, na mlango wa kijani, na mishono bora kuliko ya kwanza. Alitazama matundu. Alijaribu kuona bati linavyolala, kuta zinavyoachana, na alichokiona ni kile tu Joviale alichomwonyesha.

"Siwezi," alisema. "Sikuiona. Yeye njo aliiona."

Katika maisha yake hakuwahi kusema neno gumu kama lile mbele ya watu.

Walimwacha abaki. Joviale hakuirudisha nyumba. Alisema imekwisha kwenda mara mbili, inatosha. Chini ya matundu yale, Chantal alianza kutarizi kitu ambacho yeye ndiye aliyekiona. Kwanza visiki vitatu. Halafu ule ukuta wa udongo, wima, umekatwa vizuri. Hapo alisita, maana ulikuwa unatoka mzuri, na aliona aibu kwamba bado anaupenda. Halafu mwanamke amegeuza mgongo, ameinama, jembe juu. Majuma mawili mengine yalipokwisha, wakati wa kusogea viti, alimwomba Joviale atie mwanamke mwingine upande wa chini, anachimba kwa mikono. Joviale alikataa siku mbili, siku ya tatu akakubali. Mwanamke wa Joviale alitoka mkubwa kuliko wa Chantal. Chantal alilisema hilo, na akalirudia, na Joviale akacheka cheko lake la polepole, hakubadilisha kitu.

Siku ya kukionyesha kitambaa, sale ilijaa. Walikuja mapadri, walimu, watu wa mashirika, majirani wa Cimpunda wakitafuta nyumba zao. Edouard alikuja na koti lake la harusi. Hakuwa ameambiwa chochote. Alitembea mita nane zote kwa adabu ya mwalimu anayekagua darasa, akafika kwenye jembe, akasimama. Chantal alisogea karibu. Alikuwa tayari kwa neno lolote isipokuwa lile alilosema.

"Na miye je?"

"Weye nini?"

"Nilichimba pia. Jumamosi mbili, siku ya posho, wakati ulikuwa ku soko. Nilitaka upate chumba mbio. Ile kona ya juu, pale ilianzia, ni miye niliikata." Alikuwa anatazama kitambaa. "Nilifikiri unajua. Nilifikiri ndiyo maana hausemaka."

Miaka mitano Chantal alikuwa ameishika hatia ile kama kitu chake peke yake. Sasa alimtazama mumewe na kitu cha kwanza alichohisi, kabla ya huruma, kabla hata ya nafuu, kilikuwa ni kama mtu amemgusia mali. Baadaye ndipo alipomshika mkono.

Watu walipenda matundu. Hilo lilimshangaza kila mtu, Valérie zaidi. Walisogeza nyuso karibu, wakasema limefikiriwa vizuri, nyumba ambayo haiko. Mtu wa redio alikuja na mikro yake akauliza wazo lilikuwa la nani, na kwa kuwa Joviale ndiye aliyekuwa mrefu na anacheka, alimwuliza yeye. Joviale akamwonyesha Chantal kwa kidole. Mtu wa redio akasema ndiyo, asante, akaendelea kumwuliza Joviale.

Kitambaa kilipoalikwa Kinshasa, kulikuwa na nafasi ya mwanamke mmoja wa kukisindikiza. Walipiga kura kwenye vikaratasi. Joviale alipata nane, Eulalie mbili, mwingine moja, Chantal moja. Ile moja aliiandika Chantal mwenyewe, na kila mtu alilijua hilo, maana alikuwa na mwandiko wa masista.

Juma moja baadaye simu yake ililia alasiri. Aliiacha ilie, ikalia tena, akapokea.

"Mama Akonkwa, niko Kinshasa," alisema Joviale. "Jua ya huku itaniua."

"Batu wako nasimama wapi?" Hakuweza kujizuia. "Wanasimama kwetu?"

"Wanapita. Wanatazama kidogo. Wanasimama kwa Eulalie."

"Kwa makala?"

"Kwa makala. Wanapiga foto. Mwanaume moya alikaa pale saa nzima."

"Na ile mishono kubwa kubwa?"

"Njo ile ile."

Wote wawili walikuwa wameumia sawasawa. Chantal ndiye aliyeanza kucheka, na Joviale akafuata, wakacheka mpaka salio la simu likaisha. Eulalie alipopewa habari hiyo alisema tu kwamba siku ile ana magunia manne ya kupokea.

Tangu Joviale arudi, Chantal huenda kwake Cimpunda Jumapili moja moja baada ya misa. Jumapili ya kwanza alimwambia amsimulie yote tangu mwanzo, nguo alizokuwa anaanika zilikuwa za nani, kuku waliruka au walikwenda na bati. Joviale alimsimulia taratibu. Chantal alimkatiza mara nyingi kumsahihisha mpangilio wa vyumba.

Kuanzia pale kizingitini kwa Joviale unaona ng'ambo. Nyasi zimeota kwenye lile kovu la nyumba ya Chantal, na mwezi uliopita walimwona kijana mmoja, Guylain, amepima kiwanja pale pale kwa kamba, anachimba. Ana mke na mtoto mchanga. Alikuwa ameshafika kiunoni, na mteremko nyuma yake umesimama wima.

Wakashuka korongo wote wawili, wameshika vitenge, wakapanda upande wa pili. Chantal ndiye aliyeanza kusema, kwa kuwa nyumba ilikuwa yake. Alimwambia kuhusu mikaratusi, kuhusu ukuta, kuhusu siku nne za mvua. Guylain alimsikiliza kwa heshima, ameegemea jembe.

"Nimesikia, maman," alisema. "Lakini hapa kila mutu anachimba. Nitaenda wapi?"

Kisha Joviale akasema kidogo tu. Alisema, "Niliiona ikienda, papa. Iko natembea polepole," na akamwonyesha kwa viganja, kimoja kikiteleza juu ya kingine. Guylain alitazama viganja vile, akatazama mteremko nyuma yake, akaweka jembe chini. Alianza kuuliza: maji yapitishwe wapi, aache hatua ngapi kutoka kwenye mteremko, akipanda matete yatashika kwa muda gani. Alimwuliza Joviale.

Chantal aliona kwamba anamwuliza Joviale. Lilimwuma, pale pale pa siku zote. Akakunja kitenge chake kiunoni, akachukua lile jembe lililolala, akaanza kulaza ukingo wa mteremko kama walivyokuwa wakifanya kwao Mudaka, na kwa muda hakuna aliyemwangalia.